Kwa Nini Ndege Ndogo Hutua kwa Kishindo

Abiria wengi wa ndege ndogo ziendazo mbugani huamini kishindo cha kutua huletwa na upepo. Upepo huchangia, lakini mara nyingi chanzo ni rubani kukosea kukadiria umbali uliobaki kati ya magurudumu na ardhi. Kosa hilo humpata hata mzoefu.

Ndege kama Cessna 172 ikibakiza mita tatu hadi sita hivi, rubani huanza kuvuta usukani taratibu: pua inanyanyuka, mwendo unapungua, magurudumu ya nyuma yanatangulia kugusa. Akivuta juu mno, mwendo huisha ndege ingali hewani, mabawa huishiwa nguvu ya kuinua, nayo hudondoka kwa uzito wake wote. Akichelewa, gurudumu la pua ndilo linalopiga chini kwanza.

Macho nayo hudanganya. Kiwanja chembamba kuliko alichokizoea humfanya rubani ajione yuko juu kuliko alivyo, kwa hiyo hushuka chini mno. Kiwanja kipana humfanya avute mapema. Aliyejifunza kwenye lami pana awe na tahadhari ya pekee anapokwenda viwanja vya vumbi vya mbugani.

Mwinuko pia una mtego wake. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kipima mwendo kikionyesha kilomita 110 kwa saa, ndege kwa kweli inakata hewa kwa takriban 120. Rubani aliyetoka Mombasa huona ardhi inampita mbio, akashawishika kupunguza mwendo. Asithubutu! Bawa linadai namba ileile kwenye kipimo, iwe pwani au bara.

Hata hivyo, uharibifu mkubwa mara nyingi hautokani na kishindo cha kwanza. Ndege inadunda, rubani anashtuka na kusukuma usukani mbele, gurudumu la pua linagonga, ndege inadunda tena juu zaidi. Baada ya midundo miwili mitatu ya namna hiyo, propela inaweza kuchimba lami, na ule ukuta wa bati kati ya injini na chumba cha rubani, unaobeba mguu wa pua, ukakunjika.

Dawa ni kuacha kupigania kutua: nguvu zote za injini, pua ishikiliwe sawasawa, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikunjwe hatua kwa hatua, ndege ipande na kuzunguka upya. Abiria, rubani akifanya hivyo msimnung'unikie. Haraka zenu humshinikiza ang'ang'anie kutua pale ambapo angepaswa kupanda.

Na ndege iliyotua kwa kishindo kikubwa isiruke tena, hata kama imetembea vizuri hadi maegeshoni, mpaka fundi aangalie ukuta ule, magurudumu, propela na injini. Abiria anayesubiri kupanda ndege hiyo ana haki ya kuuliza kama imekaguliwa.