Je, wajua kwa nini chupa ya mvinyo ina picha ya mbuzi?

Nilipoanza kuhudumia wageni katika hoteli moja Nungwi, niliamini kwamba mnyama aliyechorwa kwenye chupa ya mvinyo ndiye kitoweo chake. Samaki kwa changu, jogoo kwa kuku, mbuzi kwa mchuzi wa mbuzi. Mgeni aliponiuliza Goats do Roam, mvinyo wenye picha ya mbuzi, inafaa kwa chakula gani, nilimjibu pale pale: nyama ya mbuzi. Naye akaagiza.

Sivyo kabisa, na kwa kuwa nimewasikia wahudumu wengi wakisema hivyo hivyo, niliseme sawasawa. Picha ya mbele haikuchorwa kuelekeza mlo, wala haina maana kwamba ndani mna chochote cha mnyama huyo. Mkuu wa kaunta aliigeuza chupa ile, akaweka kidole kwenye lebo ya nyuma. "Soma hapa," akasema. Palikuwa na aina za zabibu, mahali zilipolimwa na kiwango cha kilevi. Hayo ndiyo yanayomfaa mhudumu. Chupa yenye samaki inaweza kuwa na mvinyo mwekundu mzito, ukamfunika changu hata asisikike mdomoni.

Mbuzi walitoka shamba la Fairview, Paarl, karibu na Cape Town. Huko hufugwa mbuzi wa maziwa ya jibini, na pana mnara wenye ngazi za kuzunguka nje, ambazo mbuzi huzipanda wenyewe. Mwenye shamba, Charles Back, alicheza na maneno. Ufaransa kuna mvinyo wa Côtes du Rhône, hutamkwa karibu na "kot di ron". Goats do Roam kwa Kiingereza ni "mbuzi huzurura", lakini liseme upesi na sikio litapata lile la Kifaransa. Mamlaka ya Ufaransa inayolinda majina ya mvinyo ililalamika. Kinachonifurahisha ni kwamba mchezo huo umebeba habari ya kweli: mvinyo wake mwekundu hutumia zabibu za bonde la Rhône, zikiwemo Shiraz na Grenache. Kwa hiyo jina lina la kumwambia anayelijua. Picha ina kazi nyingine.

Kazi hiyo utaiona Darajani, kwenye duka la kanga. Doti mbili za pamba moja, bei moja. Mama anaikunjua moja, anauliza, "Hii yasemaje?" Anasomewa: Wema hauozi. Wiki ijayo jirani yake anakuja na kusema, "Nipe ile ya Wema hauozi." Hakuhitaji kueleza pindo wala mji, yaani sehemu ya kati ya kanga; jina limekuwa mpini wa kuishikia. Na kanga angalau unaipapasa. Chupa imezibwa, huonji kabla ya kulipa, na imepangwa kando ya nyingine hamsini zenye majina ambayo mgeni anaona haya kuyatamka mbele ya watu. Mbuzi hamtatizi mtu. Kesho yake anarudi kaunta: "Ule wa mbuzi upo?" Nayasikia maneno hayo karibu kila wiki.

Walioliona hilo ni wengi. Yellow Tail, mvinyo wa Australia wenye mnyama kwenye lebo, iliingia Marekani mwaka 2001 na kuuzika sana. Mwaka 2006 kampuni ya utafiti wa masoko ya ACNielsen ilihesabu mivinyo mipya 438 iliyokuwa imetoka Marekani katika miaka mitatu, ikakuta 77 ina mnyama kwenye lebo. Hata hivyo mnyama asipewe sifa zote, maana Yellow Tail ilikuwa pia ya bei nafuu, laini, yenye utamu kidogo.

Na yule mnyama wake, ambaye wengi humwita kangaruu, ni walabi wa majabali mwenye miguu ya njano: mdogo kuliko kangaruu, mkia wake una pingili za njano na kahawia.