Pima Pembe Kabla ya Kununua Krosi

Land Cruiser pikapu ililetwa gerejini kwangu ikitoka Kinango, na mwenyewe aliniambia jambo moja kabla hajazima injini: "Fundi, hii ni krosi ya tatu tangu gari liinuliwe." Gari lilikuwa limeinuliwa inchi tatu kwa sababu njia ya kwenda shambani kwake ina makorongo na mawe, na kwa hilo sikumwona na kosa. Kilichonisikitisha ni kwamba kila krosi, yaani kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiwezesha shafti kupinda, ilipokufa alifungiwa nyingine, na hapakuwa na fundi aliyelala chini ya gari na kipimapembe ili ajiulize kwa nini propela shafti iliyotumika miaka mingi bila tatizo sasa haimalizi hata nusu mwaka. Krosi ya nne ingekufa vilevile, kwa sababu chuma hakikuwa na ubovu wowote. Pembe ndiyo iliyokuwa ikiiua.

Propela shafti huchukua nguvu kutoka kwenye transfa kesi, yaani sanduku la gia linaloigawa nguvu mbele na nyuma, na kuipeleka kwenye difu, gia za katikati ya ekseli zinazozungusha magurudumu, na kwa kuwa difu hupanda na kushuka pamoja na magurudumu, kila ncha ya shafti huwekewa krosi ili iweze kupinda huku ikizunguka. Krosi ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui: inapozunguka ikiwa imepinda, upande unaopokea nguvu hauendi kwa kasi moja, bali huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa ya nyuzi 3, tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kutohisika. Ikifika nyuzi 9 inakuwa takriban asilimia 1.2 kwenda juu na chini, na kwenye nyuzi 15 inafika karibu asilimia 3.5. Mtu anaweza kuziona asilimia hizi kuwa chache, lakini tuzihesabu tukiwa barabarani. Gari lenye matairi ya inchi 31 na difu yenye uwiano wa 4.1, yaani shafti huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja, likienda kilomita 80 kwa saa katika barabara kuu ya kuelekea Voi, shafti yake huzunguka karibu mara 37 kwa sekunde, kwa hiyo kutingishwa huko hutokea karibu mara 74 kwa sekunde, safari nzima, na kila mtingisho hubebwa na sindano nyembamba zilizo ndani ya vikombe vinne vya krosi.

Watengenezaji hulizuia jambo hili kwa njia ya werevu. Krosi ya juu na ya chini huwekwa zikiwa na pembe zilizo sawa, na yoki, yaani uma zinazoishika krosi, za ncha mbili za shafti hupangwa katika mstari mmoja, ili kasi inayoharibiwa na krosi ya kwanza irekebishwe na ya pili, na difu ipokee mzunguko uliotulia. Sharti lake ni kwamba flanji (bamba la kufungia shafti) ya transfa kesi na ile ya pinioni, gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, ziwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi moja hivi. Gari likiinuliwa, pembe zote mbili huongezeka, na kama difu haikugeuka usambamba unabaki. Shafti fupi huumia zaidi kuliko ndefu: ukiinua gari milimita 50, shafti yenye urefu wa mita moja huongezewa karibu nyuzi 3, lakini ile ya nusu mita huongezewa karibu nyuzi 6. Ndiyo maana Suzuki Jimny hulalamika mapema kuliko pikapu ndefu iliyoinuliwa kiasi hichohicho.

Nilipopima ile pikapu ya Kinango, flanji ya transfa kesi ilisoma nyuzi 3, shafti yenyewe nyuzi 12, na pinioni nyuzi 8. Krosi ya juu ilikuwa inafanya kazi kwa pembe ya nyuzi 9 na ya chini kwa nyuzi 4. Nilipotazama juu ya ekseli nikakuta kabari za chuma kati ya ekseli na springi za mabamba. Aliyeziweka alidhani anasaidia, kwa kuwa pinioni iliyoinuliwa ikaelekea kwenye shafti huonekana imenyooka na kupumzika, na pembe ya chini kweli ilipungua. Lakini kwa shafti yenye krosi moja kila ncha, kupunguza pembe ya upande mmoja ni kuondoa kile kilichokuwa kikiirekebisha ya upande wa pili. Kabari kama hizo zina mahali pake, na mahali penyewe ni kwenye shafti yenye krosi pacha, yaani ile ambayo ncha ya transfa kesi ina krosi mbili zilizofuatana zinazorekebishana zenyewe kwa zenyewe. Hapo pinioni hutakiwa iitazame shafti moja kwa moja, ikiwa chini kwa nyuzi moja au mbili ili iache nafasi ya kunyanyuka dereva anapokanyaga mafuta. Kabari za krosi pacha zikifungwa kwenye gari la krosi moja moja, matokeo yake ni krosi tatu katika muda mfupi, pamoja na sili ya pinioni inayovuja. Ile ya gari hili ilikuwa imeshaanza kulowa.

Kupima si kazi ngumu, ila ina adabu zake. Gari lisimame mahali tambarare juu ya matairi yake, likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwani ukilinyanyua kwa jeki kwenye chesisi ekseli itaning'inia na namba zote zitakuwa za uongo. Kipimapembe cha sumaku ndicho ninachokiamini, ingawa programu ya simu iliyowekwa juu ya uso uliosafishwa vizuri hutosha kuonyesha kosa kubwa. Unapima flanji ya juu, kisha shafti, kisha flanji ya chini, na pembe ya kila krosi ni tofauti ya namba mbili zinazopakana.

Kwa magari yenye ekseli nzima mbele inayoshikwa na mikono mirefu inayorudi nyuma hadi kwenye chesisi, kama vile Land Rover Defender za zamani, Land Cruiser 80, Jimny, na pikapu za 79 zilizotoka kuanzia 1999, kuna mgongano ambao napenda kila mwenye gari aufahamu kabla ya kulipia springi ndefu. Gari likiinuliwa, mikono hiyo huizungusha ekseli, sehemu ya juu ya mhimili ambao gurudumu hugeukia linapokata kona ikasogea mbele, na gari likaanza kutangatanga barabarani kwa sababu kile kinachorudisha usukani katikati kimepungua. Dawa inayojulikana ni kuweka buchi zenye tundu lililohamishwa pembeni ili ekseli irudi ilivyokuwa. Lakini ekseli na pinioni ni kitu kimoja: unaporudisha ekseli kwa ajili ya usukani, pua ya pinioni inashuka na pembe ya shafti ya mbele inaharibika zaidi. Huwezi kupata vyote viwili kwa ukamilifu. Mimi hutanguliza usukani, maana gari lisiloshika njia linaua watu, kisha ndipo natafuta shafti itakayokubaliana na hali iliyobaki. Kwa gari la magurudumu manne wakati wote, ambalo shafti yake ya mbele haipumziki hata kwenye lami, kazi hii haifai kuahirishwa. Land Rover Discovery ya pili ni mfano wa kutosha: shafti yake ya mbele ilitoka kiwandani na krosi pacha zisizo na nipeli ya grisi, na ikikatika ikiwa mbioni inaweza kuvunja ganda la giaboksi lililo jirani yake.

Magari yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kama Prado 120 na 150 au Hilux za siku hizi, hutumia jointi za CV mbele, yaani viungo vya kasi isiyobadilika, nazo hazina tabia ya kubadilisha kasi. Tatizo lake ni buti za raba, yaani vifuniko vyenye mikunjo vinavyotunza grisi ya jointi. Jointi ya nje imetengenezwa kuvumilia pembe kubwa ya kukata kona, lakini ya ndani haikuumbwa kuishi imepinda muda wote, na gari likipita milimita 50 hivi za kuinuliwa, mikunjo ya buti husuguana yenyewe hadi ikapasuka. Grisi ikitoka na mchanga wetu wa pwani ukaingia, jointi haina maisha. Ukisikia mlio wa ka-ka-ka wakati wa kukata kona, jointi ya nje imeshakwisha. Ukihisi gari linatetemeka unapoongeza mwendo na kutulia unapoachia, shuku ya ndani. Ukiona tu grisi imerukia ndani ya rimu na bado hakuna sauti, badilisha buti na grisi siku hiyohiyo. Difu ya mbele inaweza kushushwa karibu milimita 25 kwa spesa ili pembe zipungue, na naipendekeza kwa kila aliyefikia milimita 50. Hilux zenye shafti ya nyuma ya vipande viwili zikiinuliwa, mara nyingi hutetemeka zinapoondoka. Aghalabu hutosha kuishusha kidogo beringi inayoishika shafti katikati.

Katika kubadilisha krosi yenyewe, weka vizuizi kwenye magurudumu kwanza. Ukiiondoa shafti ya nyuma ya Defender hizo za zamani, breki ya mkono haishiki tena, kwa sababu inafanya kazi kupitia shafti hiyohiyo, na nafasi ya kuegesha ya giaboksi ya otomatiki nayo haizuii ekseli ambayo haijaunganishwa nayo. Piga alama kwenye flanji, na hasa pale shafti inapochomoka katika meno yake ya kuteleza, yanayoiruhusu kurefuka na kufupika, kwani ukiirudisha imepotea jino moja tu yoki hazitakuwa katika mstari na gari litatetemeka hata kwa krosi mpya. Vikombe visukumwe kwa presi au jiliwa. Nyundo huangusha sindano moja ndani, nayo ikilala chini ya ncha ya krosi kikombe hakitafika mwisho. Ukiitoa ya zamani, isome: mistari iliyochimbika kwenye shingo zake inaonyesha mzigo na pembe, na unga mwekundu kwenye midomo ya vikombe unaonyesha kuwa grisi iliisha na kutu ikachukua nafasi yake. Meno ya kuteleza nayo yakaguliwe, kwa sababu gari likiinuliwa shafti huvutika na meno yanayoshikana hupungua. Yakibaki machache, shafti irefushwe kwa fundi wa kukereza, inyooshwe na isawazishwe kwenye mashine, isichomelewe ikiwa bado iko chini ya gari.

Kwa wanaoshusha boti ufukweni, nasema haya kwa uzito: maji ya chumvi huingia ndani ya vikombe na hayatoki yenyewe. Osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kisha pampu grisi hadi uone mpya ikitoka kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kisipotoa, krosi hiyo haijapata grisi hata kama vingine vitatu vinabubujika.

Kwenye pikapu ya Kinango niliondoa kabari, nikapunguza bamba moja kwenye springi kwa ridhaa ya mwenyewe, na pembe zikatulia karibu nyuzi 8 juu na 8 chini. Nikafunga krosi mpya yenye nipeli, nikabadilisha sili ya pinioni, na nikamwomba alirudishe gari baada ya kilomita 500, kwa sababu springi zilizofunguliwa hukaa chini kidogo, bolti zake hulegea, na pembe niliyoipima siku ya kwanza huwa si ile ya mwezi wa pili. Aliporudi, bolti mbili zilikubali robo ya mzunguko, na kipimapembe kilisoma nyuzi 7 na nusu pande zote mbili.