Je, wajua kwa nini ukuta uliobabuka rangi huweza kuzaa kwilti?

Ukuta mkuukuu, rangi imebabuka, chini yake inachungulia rangi ya zamani, na chini ya hiyo saruji tupu. Wapitao wengi watasema unadai kupakwa upya. Mshonaji wa kwilti atasimama, atausogelea, pengine atatoa simu aupige picha. Kaona nini?

Kwilti ni mfarishi wa matabaka matatu. Juu kuna vipande vya vitambaa vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana, kisha mishono hupitishwa kwenye matabaka yote ili yashikamane. Ya kitandani kazi yake ya kwanza ni joto. Ya sanaa hutundikwa ukutani kama mchoro, na aliyeishona halazimiki kufuata ruwaza ya mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo swali linapozuka: kama hakuna ruwaza, sura yake itatoka wapi?

Jibu limo kwenye mkasi. Mchoraji mwenye brashi anaweza kuififisha rangi moja ndani ya nyingine mpaka usijue ya kwanza imeishia wapi. Mwenye kitambaa hana anasa hiyo. Kipande chake kina ukingo: kinaanza hapa, kinakoma pale, na panapokoma lazima pawe na mshono. Akishashona miaka kadhaa, jicho lake huanza kutafuta kingo lenyewe, bila kutumwa. Ukuta uliobabuka una kingo tele, tena una matabaka. Ndiyo maana machweo ya jua, ambayo karibu kila anayeanza huyakimbilia, humtoa jasho, ilhali mlango wa bati wenye kutu humpa kazi iliyokwisha kugawanyika vipande.

Jambo hili si geni. Huko Marekani, majina mengi ya ruwaza za kale yalitokana na vitu vilivyokuwa machoni pa washonaji: Nyumba ya Magogo, Unyayo wa Dubu, Mabata Bukini Warukao. Katika Nyumba ya Magogo, vipande virefu huzunguka mraba mdogo wa katikati, na mraba huo mara nyingi hushonwa kwa kitambaa chekundu. Huo ni moto wa mekoni.

Kijiji cha Gee's Bend, kilichokumbatiwa na kona ya mto Alabama, kilikwenda mbali zaidi. Wanawake weusi wa pale walishona kwa walichokuwa nacho: magunia, mashuka yaliyochakaa, suruali za shamba. Ruwaza yao moja mashuhuri ni miraba ndani ya miraba, nao huiita paa la nyumba. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alizichana nguo za kazi za marehemu akazishona kwilti. Tazama kwilti za namna hii kwa karibu: palipokuwa na mfuko kisha ukabanduliwa, pamebaki alama ya buluu iliyokolea, kwa sababu jua halikupafikia. Alama hiyo hakuna aliyeibuni. Mshonaji aliiona tu, akaiacha ionekane, na kwa maoni yangu huo ndio ufundi mgumu kuliko wote. Mwaka 2002 maonyesho ya kwilti za kijiji hicho yalifunguliwa Houston, kisha yakaenda jumba la sanaa la Whitney jijini New York.

Na mazingira si ya macho tu. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani huko Georgia mwaka 1837, alishona juu ya kwilti yake moja mvua ya vimondo ya Novemba 1833. Hakuiona, maana ilitangulia kuzaliwa kwake. Habari za mvua hiyo zilisimuliwa muda mrefu baadaye, naye akazipa umbo la kitambaa.

Unaweza kulijaribu jicho lako leo bila kununua chochote. Kata kidirisha kwenye kipande cha katoni, ukitazame chumba kupitia hapo; kidirisha hukuondolea vitu na kukuachia maumbo. Halafu finya macho mpaka rangi zififie, ubaki na penye mwanga na penye giza. Hapo utajua kama kwilti itasimama, kwani rangi nzuri haziokoi kazi ambayo giza na mwanga wake havikupangwa.

Chukua kivuli cha nondo za dirisha sakafuni, alasiri. Mwanga umegawanyika kuwa miraba iliyolalia upande. Karibu na dirisha kingo za kivuli ni kali kama wembe. Kadiri unavyokwenda mbali zinalegea. Sababu ni kwamba jua si nukta, ni duara, na miale yake huja kutoka pembe zinazotofautiana kidogo. Kwa mshonaji hayo ni maelekezo kamili. Kingo kali ni za mshono wa kuunga. Zile zilizolegea hazikubali mkasi, kwa hiyo atatandika kitambaa chepesi kinachoonyesha, au atashindilia mishono midogo ya uzi mweusi ipungue taratibu. Wala kivuli chenyewe asikikatie kitambaa cheusi. Siku isiyo na mawingu, pale jua lisipofika bado panamulikwa na anga, na anga ni ya buluu. Kijivu chenye ubuluu kitakaa vizuri zaidi.

Ila asichelewe. Akienda kutafuta mkasi, atakuta kivuli kimeshahama. Afadhali atandaze shuka kuukuu palepale sakafuni, afuatishe kingo kwa chaki, na mambo ya rangi ayaache mpaka kesho.