Umeme wa angahewa: dhana zinazoharibu mradi wa mwanafunzi

Dhana: Bila mawingu hakuna umeme hewani

Upo usiku na mchana. Siku ya anga jeupe, kwenye uwanja tambarare, uga wa umeme (tofauti ya volti kadiri unavyopanda juu) karibu na ardhi huwa takriban volti 100 kwa kila mita. Radi na mawingu ya mvua ya dunia nzima huchaji tabaka la juu la angahewa, na chaji hiyo hurudi ardhini polepole mahali palipotulia.

Dhana: Basi tundika bati, unganisha multimita, usome

Mkondo unaoteremka ni takriban pikoampea 2 tu (pikoampea ni sehemu moja ya trilioni ya ampea) kwa mita ya mraba. Bati la mita 1 ya mraba likiunganishwa na multimita yenye ukinzani wa megaohmu 10 litaonyesha mikrovolti 20. Multimita inamwaga chaji yote kabla haijakusanyika. Kuwasha taa kwa umeme huo nako usahau.

Tumia kipimo cha mapanga: sahani tulivu yenye vipande vinne, na juu yake rota (sehemu inayozunguka) ya mapanga manne iliyounganishwa na ardhi, inayovifunika na kuvifunua. Vipande vyenye jumla ya sentimita 100 za mraba hupata pikokulombi 9 kila vinapofunuliwa. Kwa mizunguko 1,800 kwa dakika utapata hezi 120 na mkondo wa nanoampea 3 hivi. Kikuzaji chenye rezista ya megaohmu 10 kitautoa kama milivolti 30. Usichague mizunguko 1,500. Hiyo ni hezi 100, maradufu ya hezi 50 za umeme wa nyumbani, na kelele za nyaya zitameza ishara yako. Ekseli iguswe na brashi ya kaboni iliyofungwa kwenye waya wa ardhini, la sivyo namba zitarukaruka. Ongeza kihisi cha mwanga kinachosoma mapanga yapo wapi. Bila hicho huwezi kutofautisha chanya na hasi.

Dhana: Juu ya paa ndipo panaposomeka vizuri

Panasomeka kwa kuzidisha, na chini ya mti panapunguza. Kilaze kifaa usawa wa ardhi, uwanjani. Kabla ya hapo linganisha usomaji wake na uga unaojulikana, kati ya mabati mawili yaliyoachana sentimita 10: volti 10 ni sawa na volti 100 kwa mita. Rudia kwa volti 20, 50, kisha hasi 10.

Dhana: Kilele ni adhuhuri, jua likiwaka

Vipimo vya meli ya utafiti Carnegie ya Marekani vilionyesha kilele cha uga huo karibu saa 4 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na kiwango cha chini karibu saa 12 asubuhi. Nchi kavu, moshi wa kuni, vumbi na ukungu wa alfajiri huufunika mpangilio huo, kwa hiyo andika hali ya hewa kando ya kila kipimo na utafute wastani wa siku nyingi tulivu.

Dhana: Tiara au fimbo ndefu ya chuma hutoa data bora

Georg Wilhelm Richmann aliuawa na radi St. Petersburg mwaka 1753 akiwa karibu na kipimo kilichounganishwa na fimbo ya namna hiyo. Chomoa nyaya kabla wingu halijafika. Ngurumo ikisikika hujachomoa, ingia ndani, kifaa kiache kiungue.