LPN mpya, nunua bima yako kabla ya zamu ya kwanza

Kila chuo kinapotoa wahitimu, LPN wapya (wauguzi wenye leseni, ngazi iliyo chini ya RN) wa jamii yetu hapa Minnesota, Marekani, huniuliza jambo lilelile: “Dada, mwajiri ameniambia wana bima ya kesi za makosa ya kazini. Sasa yangu ni ya nini?” Mimi ni muuguzi, na kazi yangu siku hizi ni kuwasomea mawakili wa utetezi mafaili ya wagonjwa, niwaeleze nani alifanya nini, saa ngapi, na kama ndivyo ilivyopasa kufanywa. Nitajibu kwa yale ninayoyaona humo.

Mwajiri hajakudanganya. Bima anayo, na ukishtakiwa kwa jambo ulilolifanya zamuni, ndani ya mipaka ya kazi aliyokupa, kwa kawaida bima hiyo itawatetea nyote wawili. Lakini mkataba ni wake. Wakili ameajiriwa kuilinda taasisi, na masilahi yenu yanakwenda pamoja mpaka siku mtakapotofautiana. Mzee ameanguka usiku na kuvunjika nyonga. Wewe unasema uliripoti kwamba CNA (wasaidizi wa wauguzi) ni wachache. Msimamizi anasema hakuambiwa. Hapo unahitaji wakili wa kwako peke yako.

Kwa LPN, hata hivyo, ninachokihofia zaidi ni barua ya Bodi ya Uuguzi ya jimbo, ile inayotoa leseni. Mtu yeyote anaweza kukulalamikia bila kulipa hata senti: mgonjwa, binti yake, mwenzako wa zamu, hata mwajiri aliyekufuta kazi jana. Wala si lazima mgonjwa awe ameumia. Hesabu ya dawa za kulevya zinazotunzwa kwa ajili ya wagonjwa haikulingana, uliondoka kabla ya kukabidhi zamu, au ulituma picha kwenye kundi la WhatsApp na nyuma yako anaonekana mgonjwa. Bodi haishughuliki na fidia, inashughulika na leseni yako. Inaweza kukupa onyo, kukuwekea masharti, kukusimamisha au kukufutia kabisa, na adhabu hizo huingia kwenye kumbukumbu ambazo mwajiri wa jimbo jingine atazisoma. Bima ya mwajiri kwa kawaida haihusiki na barua hiyo. Utamtafuta wakili mwenyewe, naye hutoza mamia ya dola kwa saa moja.

Njia ya Bodi na njia ya mahakama ni mbili tofauti. Kesi ya RaDonda Vaught wa Tennessee inaonyesha hilo vizuri. Mwaka 2017 alimpa mgonjwa vecuronium, dawa ya kupooza misuli, badala ya Versed, dawa ya kutuliza, na mgonjwa akafariki. Bodi ya jimbo ilimfutia leseni Julai 2021; baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani Machi 2022. Yeye alikuwa RN, muuguzi wa ngazi ya juu ya LPN, lakini LPN naye husimama mbele ya Bodi vilevile. Na tuelewane mapema: bima hizi si ngao ya makosa ya jinai. Hazilipi faini za jinai, na hazikutetei ukifanya kazi umelewa au ukitenda jambo ambalo sheria ya uuguzi ya jimbo lako haimruhusu LPN kulitenda. Hilo la mwisho lichunguze sana, kwa kuwa mipaka ya LPN kwenye dawa zinazotiwa katika mshipa wa damu hutofautiana jimbo hadi jimbo, na “hapa kwetu wote tunafanya” haijawahi kuwa utetezi.

Kwa hiyo ukifungua mkataba, usianze na ile dola milioni 1 kwa kila dai iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Anza na kifungu cha utetezi wa leseni. Dola 25,000 ni kiwango utakachokikuta mara nyingi. Uliza kama utajichagulia wakili, na kama kampuni inamlipa moja kwa moja au inakurudishia baada ya wewe kulipa.

Kisha uliza swali hili, hata kama utasahau mengine yote: bima inaangalia siku tukio lilipotokea, au siku dai lilipoletwa? Ya kwanza hukulinda kwa jambo lililotokea bima ikiwa hai, hata kama dai litakuja miaka mingi baada ya wewe kuiacha. Ya pili hukulinda tu kama bado una bima siku dai linapoingia. Ukiiacha, itabidi ununue nyongeza ya kufunika nyuma. Hapa Minnesota mtu ana miaka 4 ya kushtaki kwa uzembe wa kitabibu, na kwa mtoto muda huweza kuwa mrefu zaidi. LPN hubadilisha kazi mara nyingi, wengine wanarudi shule kusomea RN. Chukua ya tukio. Kampuni nyingi zinazowauzia wauguzi mmoja mmoja hutoa hiyo, na kwa LPN aliyeajiriwa bei huwa takriban dola 100 na ushee kwa mwaka. Uliza punguzo la mhitimu mpya.

Wanaonitia wasiwasi kuliko wote ni ndugu zetu wa ajensi, zile kampuni zinazowapangia wauguzi kazi. Ukilipwa kwa 1099, fomu ya kodi ya wasioajiriwa, kwa kawaida unahesabiwa kuwa mtu aliyejiajiri, na huenda bima ya ajensi isikuguse kabisa. Nawajua watu wenye kazi ya W-2, yaani ya kuajiriwa, mchana na mgonjwa wa nyumbani wa 1099 wikendi, wakiamini bima ya mchana inawafuata hadi wikendi. Haiwafuati. Unapojaza fomu, taja kazi zote mbili, ingawa aliyejiajiri hulipa zaidi. Ukificha, kampuni inaweza kukataa dai lako siku unapolihitaji.

Nasikia pia watu wakisema ukiwa na bima ndiyo unawavutia mawakili. Anayeshtaki huanza na majina yaliyomo kwenye faili, na jina lako limo kila ulipotia sahihi. Habari za bima yako kwa kawaida huzipata baadaye, kesi ikishafunguliwa. Ila wewe usiitangaze kazini. Hakuna anayehitaji kuijua isipokuwa ajensi inayodai cheti chake.

Fomu yenyewe ni fupi, na unaijaza mtandaoni: namba ya leseni, jimbo, aina ya kazi, na kama umewahi kushtakiwa au kuadhibiwa. Ijaze namba ya leseni ikitoka tu, kwa sababu bima ya uanafunzi haikufuniki ukiwa LPN.

Na barua ya Bodi ikifika, usikae usiku huo kuandika maelezo marefu ya kujitetea, hata kama huna kosa. Nimeona maelezo ya namna hiyo yakigeuka ushahidi dhidi ya aliyeyaandika. Usiliguse faili la mgonjwa kurekebisha chochote, na usimpigie aliyelalamika. Soma tarehe ya mwisho ya kujibu, ipigie simu kampuni yako ya bima siku hiyohiyo, kisha ungoje wakili kabla hujaandika hata mstari mmoja.