Upeo bandia unapodanganya ndani ya mawingu

Usiku wa tarehe 16 Oktoba 2000, ndege ndogo ya injini mbili aina ya Cessna 335 ilikuwa ikipita kwenye mvua na mawingu katika jimbo la Missouri, Marekani. Alikuwamo Gavana Mel Carnahan, msaidizi wake, na mwanawe aliyekuwa rubani. Rubani aliwaarifu waongoza ndege kwamba upeo bandia wa upande wake, yaani kifaa kinachoonyesha kama ndege imenyooka au imeinama, umeharibika, akawa anautazama ule wa kiti cha kulia. Ndege ilianguka, wote watatu wakafa. Wachunguzi walibaini kwamba rubani alipoteza mwelekeo, na kwamba kuharibika kwa kifaa hicho na hali mbaya ya hewa vilichangia.

Wanafunzi wa urubani wakisikia kisa hiki huuliza: kifaa kimoja kinaiangushaje ndege yenye mabawa mazima? Jibu limo sikioni. Ndani ya sikio mna mirija yenye majimaji yanayotujulisha tunapogeuka. Ndege ikiinama taratibu na kubaki kwenye kona, baada ya takriban sekunde 20 majimaji hutulia, na mwili huamini ndege imenyooka. Rubani akiinyoosha kweli, mwili humwambia sasa inalalia upande wa pili, naye huirudisha konani. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vifaa pekee, bila kuona nje. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178.

Upeo bandia ndio unaomwokoa rubani na uongo huo wa mwili. Lakini katika ndege ndogo nyingi za zamani gurudumu lililo ndani ya kifaa hiki huzungushwa na pampu ya kufyonza hewa inayoendeshwa na injini. Pampu ikifa, gurudumu la ndani halisimami papo hapo. Hupunguza kasi polepole, picha ikilala upande kidogo kidogo, na rubani anaifuata bila kujua. Mimi naogopa kifaa cha namna hii kuliko kilichozima kabisa.

Ndiyo maana tunafundisha kulinganisha. Kifaa cha kuonyesha kona kwa kawaida hutumia umeme, makusudi, ili visife pamoja. Dira ya sumaku haihitaji nguvu yoyote. Mita ya ufyonzaji nayo itazamwe mara kwa mara. Vingine vikikubaliana kwamba ndege inageuka na upeo bandia unakataa, wenye kasoro ni huo. Ufunike mara moja, hata kwa kipande cha karatasi, maana jicho lililozoea litaurudia tu.

Mshale wa kasi nao una hila yake: mrija wake wa mbele, unaopokea upepo, ukiziba kabisa kwa barafu au wadudu, kasi huonekana kuongezeka ndege ikipanda. Rubani akizidi kuinua pua, mabawa hukosa nguvu ya kuibeba ndege. Washa kipasha joto cha mrija mapema.

Kisha sema redioni, waziwazi, kwamba una dharura na uko mawinguni. Wengi huchelewa hapa kwa kuona haya. Muongoza ndege mwenye rada anaweza kukuelekeza bila wewe kusoma uelekeo wowote: atakuambia anza kugeuka kushoto, nawe utageuka kwa upole, akihesabu muda, mpaka akuambie acha.