Vidonda vya tumbo, safari na pilipili ya watu

Mwenye vidonda vya tumbo akiaga kwenda Mumbai, hakosi wa kumwonya: "Kule ni pilipili tupu, utarudi tumbo limetoboka." Pilipili inasingiziwa. Inaweza kukuchoma na kukupa kiungulia, na kama inakusumbua iache, lakini haitoboi tumbo.

Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliposema hivyo walipuuzwa, hadi Marshall mwenyewe akanywa kikombe cha bakteria hao mwaka 1984. Akaugua kweli, ukuta wa tumbo ukavimba, akatapika. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2005.

Mkosaji wa pili ni dawa za maumivu: diclofenac, ibuprofen, aspirini. Hapa ndipo msafiri hujikwaa. Mgongo umekaza kwa kukaa kwenye ndege, jirani wa kiti anakunyooshea diclofenac yake, nawe unameza kabla hujala. Kidonge hicho ndicho cha kuogopwa kuliko pilipili ya mchuzi! Paracetamol, kwa kipimo chake, ni salama zaidi kwa tumbo.

Omeprazole yako, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, iweke kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti yake, pamoja na cheti cha daktari. Sanduku likipotea, dozi isipotee nalo. Kama uko kwenye antibayotiki za siku 14 za kuua bakteria hao, usizikatize kwa sababu ya safari. Na ukipata choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ndege inaondoka kesho.